Ajali Haina Kinga?

Ndugu yangu Muislamu, nakuuliza suala moja, ujijibu mwenyewe. Ukienda Hija hudungwa sindano ya homa ya uti wa mgongo, kwani Saudia haimpokei hujaji bila ya hiyo. Hapo hunung'uniki. Jee, mbona mkeo akitaka kumpeleka mtoto kuchanjwa kichomi, wasema "ajali haina kinga"?

Hiyo si tawakali. Mtume (s.a.w.) alimwambia bedui amfunge kwanza ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Na wewe duka lako hulifunga kwa kufuli mbili!

Chanjo ya nimokokasi hutolewa bure Kenya tangu 2011, mtoto akiwa wa wiki 6, 10 na 14. Haizuii kila kichomi. Lakini mwaka 2019 watafiti wa Kilifi, pwani yetu hii hii, walitangaza kuwa maradhi makali ya aina zilizomo katika chanjo hiyo yamepungua kwa watoto wa chini ya miaka 5 kwa 92 katika kila 100. Hata wakubwa wasiochanjwa walisalimika zaidi, kwani kijidudu hiki hukaa puani mwa mtoto, naye ndiye ampakatwaye na babu.

Nawe mzee mwenzangu, mwenye sukari au maradhi ya moyo, ipo chanjo ya wakubwa. Muulize daktari wako, hata kama ni ya kununua.

Naam, ajali haina kinga. Kichomi hiki kinayo, na kwa uzembe wetu tutaulizwa.