Ufunguo wa Nyumba Usikae kwa Fundi

Waungwana, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Ngoja niwape kisa. Chumba cha habari nilichokuwa nafanyia kazi kilichapisha habari ya miradi ya maji. Pamoja nayo tukaweka mtandaoni programu ndogo: unaandika jina la kata yako, unaona fedha zilizotengwa na kama bomba linatoa maji. Kesho yake saa nne asubuhi diwani mmoja alikuwa redioni kutujibu. Saa mbili programu ikaanguka. Fundi wetu alikuwa amepandisha mabadiliko usiku, alfajiri akapanda basi la Mbeya, simu imezimika. Diwani akauliza hewani, "Hizo takwimu ziko wapi? Nimefungua, sioni kitu!" Tukabaki tunatazamana. Jioni basi liliposimama Mafinga, fundi akachaji simu, akafungua kompyuta yake, akaandika amri moja. Dakika haikuisha, programu ikarudi.

Amri moja, jamani! Na diwani alishaondoka na ushindi wa mezani.

Simlaumu fundi kwa kusafiri, naye ana kwao. Najilaumu mimi na wenzangu. Sisi waandishi tunapenda kusema, "Mimi ni mtu wa kalamu, kompyuta waachieni wenyewe." Lile dirisha jeusi lenye herufi nyeupe tunaliogopa kama tunguri za mganga. Huo ni uvivu, na wasomaji wetu ndio wanaoulipia.

Hebu tuangalie uchawi wenyewe. Nachukua mfano wa Heroku, iliyoanza 2007 na kununuliwa na Salesforce 2010. Ukishaweka zana yake kwenye kompyuta unaingia kwa kuandika heroku login. Kupandisha msimbo mpya ni git push heroku main. Ukitaka kujua programu inalalamikia nini unaandika heroku logs --tail, inakumwagia kumbukumbu mstari kwa mstari. Amri ya heroku releases inakuonyesha kila toleo, aliyelipandisha na wakati. Toleo jipya likiharibu mambo, heroku rollback inakurudisha kwenye lililotangulia. Basi! Amri tano. Mtu anayekumbuka majina ya mawaziri wote na wizara walizohamishwa anashindwaje amri tano?

Najua mafundi watakuja juu: "Mkiwapa waandishi hizo amri, watabomoa nyumba." Hoja hiyo ina uzito, sitaidharau. Rollback inarudisha msimbo na mipangilio, hairudishi data. Ukifuta jedwali la hifadhidata kwa bahati mbaya, imekula kwako. Ndiyo maana kuna heroku pg:backups:capture ya kupiga nakala kabla hujagusa kitu. Hatari hiyo inatibiwa kwa kufundishana, maana hata fundi mwenyewe alifundishwa.

Tena tuambiane ukweli, hatari kubwa zaidi ni ile tunayoishi nayo kila siku: nywila moja ya fundi inayozunguka ofisini kwenye vikaratasi. Mtu anaacha kazi, nywila anaondoka nayo kichwani. Wakati heroku access:add inamwongeza kila mtu kwa barua pepe yake, na access:remove inamtoa siku anapoaga. Kila mmoja na jina lake, kila toleo na mwenyewe. Mwandishi gani anachukia kumbukumbu za namna hiyo? Tunazidai serikalini kila siku!

Wapo watakaosema, vitufe si vipo kwenye tovuti yao? Vipo, tena vizuri. Lakini amri ni maandishi, na maandishi ndiyo kazi yetu. Unaziandika kwenye daftari, unazibandika ukutani, unamtumia mwenzako wa zamu ya usiku kwa SMS. Jaribu kumweleza mtu kitufe kwa simu: "Bonyeza kale kaalama ka pembeni... hapana, ka upande wa pili..." Mtakesha.

Na tusilewe. Kujua amri si kumiliki seva. Programu yako iko kwenye mashine za watu, na wenyewe wakibadilisha masharti huna la kusema. Heroku ilitoa huduma ya bure kwa miaka mingi, kisha ikaanza kuiondoa tarehe 28 Novemba 2022. Notisi ilitolewa miezi mitatu kabla. Aliyejua kuandika heroku pg:backups:download aliweza kubeba data yake na kuhamia kwingine. Asiyejua, data yake ilitegemea kama kuna mtu wa kumsaidia na kama anapokea simu. Kwa mwandishi, data hiyo ni ushahidi. Ushahidi wako unakaa kwa mtu ambaye simu yake imezimika?

Sasa nawauliza wahariri: usiku wa leo programu yenu ikianguka, ni nani zaidi ya fundi anayeweza kuiinua? Kama jibu ni "hakuna", basi mnachapisha kwa hisani ya chaji ya simu ya mtu mmoja.

Wiki hii kaeni na fundi wenu saa moja tu. Mnunulieni soda. Amri zibandikwe ukutani, karibu na namba za zimamoto.

Nawakilisha.