Barua ya Usimamizi Si Hati ya Umiliki

Matanga yakishaanuliwa, ukoo hukaa kikao chenye ajenda moja: nani ashike mirathi. Kaka mkubwa anapendekezwa, au baba mdogo mwenye sauti. Mjane anaulizwa kama ana neno, anatikisa kichwa. Muhtasari unasainiwa na kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, na mteule anarudi na barua yenye muhuri. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima unamwita mwenye mali. Wapangaji wanamlipa yeye kodi. Watoto wa marehemu wanambishia hodi kuomba ada ya shule, tena kwa unyenyekevu, kana kwamba wanaomba msaada.

Tunahubiriwa sana kwamba tatizo la mirathi Tanzania ni watu kutoandika wosia. Waandike, sawa. Lakini wosia nao unahitaji mtu wa kuutekeleza, na huyo naye akipata karatasi ya mahakama anageuka bwana wa nyumba vilevile. Kinachowamaliza wajane na yatima ni imani kwamba aliyeteuliwa kusimamia ndiye aliyerithi.

Sheria haisemi hivyo hata kwa mbali. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu linamtaka msimamizi akusanye mali na madai ya marehemu, alipe madeni na gharama, kisha kinachobaki awagawie wanaostahili. Basi. Akitumia mali vibaya au kuitia hasara, anawajibika kuifidia. Kama yeye mwenyewe ni mrithi, atachukua fungu lake kama wenzake. Mweka hazina wa kamati ya harusi hushika mamilioni ya michango, na hatujasikia akidai kwamba ukumbi na pilau ni vyake.

Tena anadaiwa hesabu. Kanuni za mwaka 1971 za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo zinampa miezi minne kuwasilisha Fomu Namba 5, yenye mali na madeni yote ya marehemu, na baada ya hapo Fomu Namba 6, yaani hesabu ya kilichoingia na kilichotoka. Katika mahakama za juu ni miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Waulize warithi unaowajua ni wangapi wamewahi kuziona fomu hizo. Wengi hawajui kama zipo, na anayejua anaogopa kuuliza, kwa sababu kumdai mkubwa hesabu kunaitwa kukosa adabu. Heshima ya namna hii ina faida kwa mtu mmoja tu.

Watetezi wa mazoea watasema: mbona msimamizi anaweza kuuza? Kweli, anaweza. Asingeweza kulipa madeni ya marehemu wala kugawa kiwanja kimoja kwa watoto saba bila uwezo huo. Hata hati ya ardhi inaweza kuandikwa jina lake, lakini kwa nafasi yake ya msimamizi. Fedha za mauzo ni za mirathi, si za mfuko wake. Wanunuzi nao waache kujifanya hawajui. Mtu ananunua nyumba kwa bei ya kutupa, mjane yumo ndani anapika, halafu anajitetea kwamba alionyeshwa barua ya mahakama.

Ujenzi ndio unaoharibu kabisa. Msimamizi anaanza kwa kubadilisha bati. Mwaka unaofuata anajenga vyumba vya kupangisha uani, kwa kodi ileile ya nyumba ya marehemu. Mapatano na fundi ni ya mdomo, risiti za saruji na nondo hazipo. Miaka kumi baadaye wadogo zake wanadai mgao, naye anakuja juu: nimejenga kwa jasho langu! Sasa hakimu apambanue ukuta upi ni wa marehemu na upi wa jasho, kwa ushahidi wa majirani ambao kila mmoja ana upande wake. Kama hesabu ingekuwa inapelekwa kwa wakati, kesi hiyo ingekosa hata pa kuanzia.

Na hicho kikao cha ukoo kinachoogopwa hivyo? Ni utaratibu mzuri wa kumjulisha hakimu mawazo ya familia, lakini anayeteua ni mahakama. Jedwali hilohilo linaruhusu mtu yeyote mwenye maslahi katika mirathi kuomba, mjane akiwemo, na linaruhusu kuteua zaidi ya msimamizi mmoja. Familia ikiwa imegawanyika, mahakama inaweza kumteua ofisa wake au mtu wa heshima asiye na upande. Kwa nini tunaendelea kumbebesha kila kitu baba mdogo?

Kenya walilitazama jambo hili vizuri zaidi. Sheria yao ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, imezitenganisha hatua mbili. Kwanza mtu anapewa usimamizi. Kwa kawaida baada ya miezi sita anarudi mahakamani kuuthibitisha, akiwa na majina ya warithi na fungu la kila mmoja. Kabla ya uthibitisho huo haruhusiwi kuuza ardhi wala nyumba. Kesi za mirathi hazijaisha huko, lakini angalau mlango wa kuuza haufunguliwi siku ileile karatasi inapotoka.

Bunge letu linaweza kuiga kifungu hicho bila aibu. Kabla ya hapo hakimu hahitaji sheria mpya ili amwite msimamizi mwezi wa nne na kumuuliza ilipo Fomu Namba 5. Mrithi naye hahitaji ruhusa ya ukoo kwenda masjala ya mahakama na kuulizia jalada la mzazi wake, au kuomba msimamizi asiyetoa hesabu aondolewe. Na baba mdogo akinuna, anune.