Mlima Haupandwi kwa "Sijambo"

Tangu Kisoi Munyao alipoipandisha bendera ya taifa katika Mlima Kenya usiku wa kuamkia uhuru, Desemba 1963, mlima huo umebaki kuwa mtihani ambao vijana wengi wa Kenya hutamani kuufanya. Vyama vya wanafunzi vyuoni navyo haviko nyuma. Kamati huundwa, michango hukusanywa, fulana huchapishwa. Aghalabu kinachoachiwa dakika za mwisho ni ratiba yenyewe: watu watalala wapi, usiku gani, na nani ana mamlaka ya kumwambia mwenzake ateremke. Makala haya yanashikilia kwamba ratiba hiyo haina budi kuandikwa kwa Kiswahili, kwa maneno yaliyokubaliwa kabla ya safari. Sababu si uzalendo wa lugha. Sababu ni uhai.

Kwanza, mlima wenyewe uelezwe. Vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) ni vya wakwezi wa miamba wenye kamba na ujuzi maalumu. Msafiri wa kawaida hulenga Lenana, kilele cha mita 4,985, ambacho hufikiwa kwa miguu. Anayepitia njia ya Sirimon, upande wa kaskazini-magharibi, huanzia langoni, takriban mita 2,650 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa kwanza hulala kambi ya Old Moses, mita 3,300. Usiku wa pili hulala kambi ya Shipton, takriban mita 4,200. Kisha huamshwa saa nane au saa tisa za usiku, apande gizani kwenye baridi kali ili jua limkute kileleni.

Ratiba hiyo ya siku chache huonekana nadhifu kwenye karatasi. Hata hivyo, mwili hausomi karatasi. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo kani ya hewa inavyopungua, na penye Lenana kila pumzi huleta zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni ambayo mtu huipata akiwa Mombasa. Mwili huweza kuzoea hali hiyo, ila hudai muda. Ushauri wa matabibu wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usiku mmoja na unaofuata usitofautiane kwa zaidi ya mita 500 hivi za mwinuko. Kutoka Old Moses hadi Shipton ni mita 900. Kwa hiyo ratiba iliyozoeleka huukiuka ushauri huo kabla hata ya kilele kuonekana. Dawa yake ni kuongeza siku: msafara ukae Old Moses usiku wa pili, mchana upande kiasi na kurudi kulala chini, ama ulale mahali pa katikati kabla ya kufika Shipton.

Siku ya ziada ina gharama. Ada ya hifadhi hulipwa kwa siku, na mwelekezi, mpishi na wapagazi hulipwa kwa siku. Mwanafunzi anayetegemea mkopo hana budi kuuliza fedha hizo zitatoka wapi. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba afadhali safari iahirishwe muhula mmoja, au fulana zisichapishwe, kuliko siku hiyo kufutwa. Kalenda ya chuo nayo isiachiwe kuamua. Likizo ikiangukia Aprili, masika yamekwisha kuingia. Mlima hupandika vizuri zaidi Januari na Februari, au kuanzia Julai hadi Septemba.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Msafara wa mlimani haujawahi kuwa wa mtu mmoja. Halford Mackinder alipofika Batian mwaka 1899 akiwa na Ulaya nzima ya vifaa, msafara wake ulikuwa umebebwa na wapagazi, wakiwemo Waswahili. Leo, mwelekezi wa Nanyuki, Naro Moru au Chogoria huzungumza Kigikuyu au Kimeru na wenzake, na mwanafunzi huweza kuwa ametoka Kisii, Garissa au Lodwar. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote. Hata hivyo, ratiba, fomu za afya na maagizo ya dharura huandikwa kwa Kiingereza, zikasomwa na kamati, zikafungiwa mkobani. Mpishi anayemwona mtu akikataa chakula, na mpagazi anayemwona akibaki nyuma, hawana nakala. Watu wa kwanza kuiona dalili ndio wa mwisho kuambiwa maana yake.

Hoja kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa jambo hili haina mashiko. Ugonjwa wa mwinuko hutambulika kwa maneno ambayo mtoto wa shule ya msingi anayajua: kichwa kinauma, moyo unachafuka, usingizi hauji, nguvu zimeisha. Dalili za hatari nazo ni nyepesi kutamka: mtu anayumba kama mlevi, anasema maneno yasiyoeleweka, anahema ilhali ameketi, anakohoa mate yenye povu. Mbili za mwanzo huashiria kwamba ubongo unavimba, na mbili za mwisho kwamba mapafu yanajaa maji. Hali zote mbili huweza kuua kwa muda mfupi, na tiba ya kwanza kwa zote ni moja: kuteremka mara moja, hata kama ni usiku.

Hata hivyo, kuandika kwa Kiswahili peke yake hakutoshi, kwa kuwa Kiswahili chenyewe kina mtego. Adabu ya lugha hii humtaka anayeulizwa "Hujambo?" ajibu "Sijambo", na anayeulizwa habari ajibu "Nzuri", hata kama anaugua. Ugonjwa hutajwa baadaye, baada ya neno "ila" au "lakini", iwapo muulizaji ana subira ya kulingoja. Vijana nao wana lao: "Niko fiti." Mwelekezi anayepita hemani akiuliza "Mko sawa?" atajibiwa "Tuko sawa", kisha ataenda zake. Kwa hivyo ratiba ioneshe maswali yasiyojibika kwa desturi: Umekula nini jioni? Umelala saa ngapi? Umekojoa mara ngapi tangu asubuhi? Simama, utembee kwa mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole. Miguu haijui kusema "sijambo".

Mtego wa pili ni heshima. Katika misafara ya vyuo huwamo mhadhiri. Mwelekezi, ambaye pengine ni kijana aliyeachia masomo yake kidato cha nne, humwita "mwalimu" na kumbebea mkoba. Mwalimu huyo akianza kuyumba saa kumi za usiku, ni nani atakayemwambia arudi? Kijana ataona haya, wanafunzi watanyamaza, na mwalimu mwenyewe hatataka kuaibika mbele ya anaowasahihishia karatasi. Ndiyo sababu kifungu kimoja lazima kisomwe kwa sauti langoni, wote wakiwapo: neno la mwelekezi kuhusu kuteremka ni la mwisho, na linamhusu kila mtu bila kujali cheo wala umri. Likishatamkwa hadharani, kijana hatakuwa amevunja adabu kwa kulitekeleza. Atakuwa ametimiza agano.

Katika Mlima Kilimanjaro, ambako mgeni haruhusiwi kupanda bila mwelekezi, watalii kutoka Ulaya na Marekani hufundishwa neno "polepole" tangu siku ya kwanza, na wengi hurudi kwao nalo likiwa limechapwa kifuani. Kwao ni ukumbusho wa safari. Kwa waelekezi ni kanuni ya tiba iliyofupishwa katika neno moja. Itakuwa ajabu iwapo mgeni atalitii neno hilo kuliko mwanafunzi wa Kiswahili, aliyelipata bure kutoka kwa nyanya yake.

Vyama vya Kiswahili vina kazi inayoviwezekania hapa. Wanachama waketi na waelekezi, wasikilize maneno wanayoyatumia, na waandae ukurasa mmoja wenye siku, mahali pa kulala na mwinuko wake, dalili, maswali ya jioni, uzani wa mzigo wa kila mpagazi, pamoja na kifungu cha kuteremka. Kila mmoja, kuanzia mhadhiri hadi mpishi, apewe nakala yake. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Msafara uliopangwa vyema ni ule ambao wimbo wa kushukia umekwisha kufunzwa kabla ya mtu wa kwanza kuanza kupanda.