KIBARUA WA NDEGE APEWE NUSU SAA YAKE

Ndugu wafanyakazi,

Labda mtauliza, mtu wa reli ana habari gani na ndege? Sababu ninayo. Ndugu yangu mdogo ni kibarua katika kiwanja kimoja cha ndege upande huu wa Mlima Kenya, na mwezi uliopita alikemewa mbele ya abiria kwa kuwa alikawia kutoa maji katika tangi. Ndege yenyewe ni ya zamani, imetuzidi umri sote wawili. Mimi nasema kijana hakukosa.

Yafaa mjue kazi hiyo. Tangi likilala nusu tupu, baridi ya mlima hufanya umande ndani yake. Maji ni mazito kuliko petroli, basi hushuka chini, panapoanzia bomba la injini. Asubuhi hana budi kukinga kidogo katika chupa ya kioo na kuitazama. Na hapa pana mtego: chupa iliyojaa maji matupu huonekana safi kabisa! Petroli ya ndege itumikayo sana hutiwa rangi ya buluu. Asipoiona rangi ile, ndege isiruke.

Tena kuna kitundu cha hewa. Petroli ikitoka lazima hewa iingie, la sivyo injini itazima na mafuta yamo. Mwaka 1936 Beryl Markham aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, kuvuka Atlantiki, kwa ndege ya Vega Gull ya John Carberry, mlowezi wa Seremai hapa Nyeri. Barafu ikaziba njia ya hewa, injini ikazima, akaangukia matopeni Cape Breton, Kanada. Alipona. Kiwanjani kwetu adui si barafu, ni nyigu: ndege ikikaa siku chache tu, amekwisha jenga udongo wake kitunduni.

Na kile kioo cha mbele mara nyingi si kioo, ni plastiki iitwayo Perspex. Bwana ataka kifutwe upesi kwa kitambaa kikavu, au kwa petroli. Vibaya! Vumbi letu hukikwaruza kama msasa, na petroli hukitia nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Rubani akielekea jua la asubuhi haoni ila mng'aro. Maji mengi kwanza, vumbi litolewe kwa mkono mtupu, ndipo kitambaa laini cha pamba.

Wasema ni kazi ya dakika tano. Labda, kwa mtu asiyetazama. Garimoshi la Nanyuki haliondoki breki hazijajaribiwa, hata abiria wapige kelele namna gani, wala hatuiti huko kukawia.

Naomba halmashauri yetu izungumze na wenzetu wa chama cha wafanyakazi wa ndege, wadai mambo mawili: nusu saa kabla ya safari ya kwanza ihesabiwe katika mshahara, na mwenye kushika chupa awe na neno la kuizuia ndege. Ndugu yangu ameambiwa akikawia tena atafukuzwa. Kesho alfajiri ataishika chupa ile ile.

Mtu wa Reli,
Kiganjo