Walioona Moto Hawakusikia Gitaa

Kila ifikapo Septemba 18 mimi hutoa santuri moja kuukuu kutoka chini ya kabati, nikaipangusa vumbi kwa kitambaa laini na kuiweka juu ya mashine. Siku hiyo, mwaka 1970, ndipo mpiga gitaa Jimi Hendrix alipofariki dunia mjini London akiwa na umri wa miaka 27. Mke wangu amekwisha kuizoea desturi hii. Yeye hufunga mlango wa jikoni na kuniacha na kelele zangu.

Mwaka jana mjukuu wangu alinikuta nikisikiliza. Kijana huyu ana miaka 19, hupiga gitaa kanisani, na siku za Jumamosi huitwa kwenye harusi. Aliitazama picha iliyo katika jalada la santuri, kisha akaniuliza, "Babu, huyu si ndiye yule aliyechoma gitaa?" Nikamwambia ndiye. Akacheka, akachukua kikombe chake cha chai akaenda zake nje.

Naam, ndiye aliyechoma gitaa. Lakini kuna dhuluma gani kubwa kuliko hii, kwamba mtu afanye kazi ya gitaa usiku na mchana kwa muda wa miaka 12, halafu akumbukwe kwa dakika chache alizolimwagia mafuta ya kiberiti na kuliwasha? Ni kama kumkumbuka fundi seremala kwa siku aliyojigonga kidole kwa nyundo.

Sina haki ya kumlaumu kijana huyo sana, maana mimi mwenyewe nilikuwa kipofu wa aina hiyo hiyo, tena kipofu wa gharama. Mwaka 1974 nilikuwa na miaka 20 na nilikuwa nikipiga gitaa la pili katika bendi ya hoteli moja mjini Nakuru. Picha ya Hendrix akiwa amepiga magoti mbele ya gitaa linalowaka nilikuwa nimeiona katika jarida la ng'ambo, nikaikata na kuibandika ukutani juu ya kitanda. Usiku mmoja wa mwisho wa mwezi, ukumbi ukiwa umejaa watu wenye mishahara mfukoni, nikaona wakati wangu umefika. Moto sikuthubutu kuwasha, lakini gitaa nililiinua juu nikalipigiza sakafuni mara mbili. Shingo ikavunjika. Watu walipiga makofi, na mimi nikainama kama mfalme. Shida ni kwamba gitaa lile halikuwa langu, lilikuwa la mwenye hoteli. Nilikatwa mshahara miezi saba.

Kiongozi wa bendi yetu alikuwa mzee mmoja mpole aliyekuwa amepiga gitaa tangu enzi za santuri za kasi. Hakunigombeza. Siku ya pili alinijia chumbani, akaitazama ile picha ukutani kwa muda mrefu, akasema, "Kijana, huyu mtu wewe umemwona tu. Bado hujamsikia." Kisha akaniketisha mbele ya mashine yake ya santuri na kunichezea wimbo uitwao "Little Wing", ulio katika santuri ya pili ya Hendrix iliyotolewa mwaka 1967. Wimbo huo hauzidi dakika mbili na nusu. Hakuna moto ndani yake, hakuna kelele, hakuna cha kuvunjwa. Gitaa linaanza peke yake, polepole, na mtu asiyejua ataapa kwamba wanaopiga ni wawili.

Siri yake mzee alinionyesha kwa mkono wake mwenyewe. Hendrix alikuwa na vidole virefu ajabu. Badala ya kukiweka kidole gumba nyuma ya shingo ya gitaa kama walimu wanavyofundisha, yeye alikipitisha juu, kikashika uzi mnene wa besi. Hapo vidole vinne vilivyosalia vilikuwa huru kuipamba sauti huku na huku, kama mtu anayeshona kitambaa na wakati huo huo anazungumza na wageni. Ridhimu na solo zikawa kitu kimoja. Mzee alinikumbusha jinsi Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye sisi wa Kenya tulimfahamu vizuri, alivyoweza kupiga besi kwa gumba na wimbo kwa kidole katika gitaa kavu, nawe ukatafuta mwenzake usimwone. Mbinu zenyewe hazifanani, maana mmoja alitumia gumba la mkono wa kukung'uta na mwingine gumba la mkono wa kubana. Hata hivyo wote wawili walikuwa na tamaa moja, gitaa moja lifanye kazi ya watu wawili.

Mtu hapati ufundi wa namna hiyo kwa kurukaruka jukwaani. Hendrix alizaliwa mjini Seattle, Marekani, Novemba 27, 1942, katika nyumba ya umaskini na magomvi. Alipokuwa mtoto alizoea kushika ufagio na kujifanya anapiga gitaa. Siku moja, akimsaidia baba yake kusafisha mahali fulani, aliokota katika takataka kigitaa kidogo aina ya yukelele kilichobaki na uzi mmoja tu, akajifundisha nyimbo juu ya uzi huo huo mmoja. Gitaa la kwanza la kweli alilipata akiwa na umri wa miaka 15 hivi, kwa dola tano. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na kwa kuwa magitaa mengi yalitengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia, aliyageuza juu chini na kuzipanga nyuzi upya. Hata alipokuwa tajiri hakuiacha tabia hiyo.

Mwaka 1961 aliingia jeshini, katika kikosi cha askari wa miavuli, akatoka mwaka uliofuata. Baada ya hapo ndipo inapoanza sehemu ambayo wenye kupenda moto hawaitaji kamwe. Kwa muda wa miaka minne hivi alikuwa kibarua. Alipiga gitaa nyuma ya waimbaji wengine katika vilabu vya watu weusi vya kusini mwa Marekani, usiku huu mji huu, kesho mji mwingine. Aliwapigia Isley Brothers, akampigia Little Richard ambaye hakutaka mpiga gitaa wake ang'are kuliko yeye. Mara kwa mara alikosa hata nauli, na gitaa lenyewe likawekwa rehani. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma, kuvaa suti kama wenzake, na kuishikilia ridhimu isiteleze. Sisi tuliopiga gitaa la pili tunaijua kazi hiyo. Hakuna anayekupigia makofi, lakini ukikosea kidogo ukumbi mzima unageuka kukutazama.

Bahati ilimjia mwaka 1966, alipokuwa akipiga katika vilabu vidogo vya New York. Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya Animals, alimsikia na kumchukua hadi London, ambako walifika Septemba 24. Wiki moja baadaye aliomba kupanda jukwaani na bendi ya Cream, iliyokuwa na Eric Clapton, kijana ambaye mashabiki wa Uingereza walikuwa wakimwita Mungu. Hendrix akapiga wimbo wa Howlin' Wolf kwa kasi ambayo Clapton mwenyewe hakuithubutu, na Clapton akashuka jukwaani ameduwaa. Kati ya Mei 1967 na Oktoba 1968 Hendrix alitoa santuri tatu kamili, akiwa na Mitch Mitchell kwenye ngoma na Noel Redding kwenye besi. Wanamuziki wengi huhitaji maisha mazima ili wapate santuri tatu za namna hiyo.

Sasa tuufikie moto wenyewe. Ilikuwa Juni 18, 1967, katika tamasha la Monterey, California. Usiku huo huo bendi ya The Who ilikuwa imevunja vyombo vyake jukwaani, na Hendrix hakutaka kupitwa nyumbani kwao Marekani ambako bado hakujulikana. Kwa hiyo alilichoma gitaa mwishoni mwa wimbo wake wa mwisho. Mwishoni, msomaji! Kabla ya hapo alikuwa amepiga wimbo wa Howlin' Wolf, akapiga wa B.B. King, akapiga wa Bob Dylan, na kila mmoja akaugeuza ukawa wake. Anayetaka kujua alikuwa nani na azisikilize hizo kwanza. Filamu ipo, na siku hizi huhitaji kwenda sinema kuiona, iko katika simu za watoto wetu. Lakini wao huuruka muziki wote na kukimbilia moto.

Yeye mwenyewe moto huo ulimchosha. Watu walilipa kiingilio kuja kutazama mazingaombwe, naye alitaka wasikilize. Usiku wa kuamkia mwaka 1970 na usiku uliofuata, katika ukumbi wa Fillmore East mjini New York, alipiga wimbo uitwao "Machine Gun" akiwa amesimama karibu bila kutikisika, akitazama vidole vyake. Wimbo huo wa vita vya Vietnam unapita dakika 12. Gitaa linalia risasi, linalia ndege, linalia mama. Alijua kusimama mahali barabara mbele ya amplifaya ili sauti irudi ndani ya gitaa na kuendelea kuvuma bila uzi kuguswa, halafu akaishika sauti hiyo na kuiongoza kama mtu anayemshika fahali kwa pua. Wapiga gitaa wengi kabla yake waliiona sauti hiyo kuwa ajali ya kuepukwa.

Kuna shtaka jingine ambalo nimelisikia tangu ujana, tena kutoka kwa ndugu zangu wa damu: kwamba huu ni muziki wa Wazungu, na Mwafrika mwenye akili anautakia nini? Wanaosema hivyo wangeshangaa kujua kwamba Hendrix alishtakiwa vivyo hivyo kwao. Stesheni za redio za watu weusi wa Marekani hazikumpiga sana, na wasikilizaji wake wengi walikuwa vijana wa Kizungu. Jambo hili lilimuuma. Septemba 1969, majuma machache tu baada ya kupiga katika tamasha kubwa la Woodstock, alikwenda Harlem akapiga bure barabarani mbele ya watu weusi wenzake. Walimpokea kwa ubaridi, na wengi waliondoka kabla hajamaliza. Lakini ni nani aliyeanza kulifanya gitaa la umeme liseme? Ni Sister Rosetta Tharpe aliyelipigia nyimbo za kanisa, ni Muddy Waters, ni Chuck Berry. Hendrix alikunywa katika kisima cha nyumbani kwao. Kama baadaye Wazungu waliweka uzio kuzunguka kisima hicho, kosa hilo si lake.

Wazambia waliliona hilo mapema kuliko sisi. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko, kina Paul Ngozi na bendi ya WITCH, walilichukua gitaa la mvumo wa Hendrix wakalitia katika nyimbo zao, wakiimba kwa lugha zao na kwa Kiingereza. Hawakumwomba mtu ruhusa. Sisi Nairobi tulikuwa tumezama katika rumba na benga, na silalamiki, kwani benga nayo ina magitaa yanayoweza kumwamsha maiti. Nasema tu kwamba masikio mawili yanatosha kubeba vyote viwili.

Kuhusu kifo chake nitasema machache. Alimeza vidonge vya usingizi kupita kiasi, akapaliwa na matapishi akiwa usingizini. Wapo wanaokitumia kifo hicho kuwatisha watoto, na wapo wanaokitukuza kama kwamba kufa mapema ni sehemu ya ufundi. Wote wananichosha. Majuma matatu tu kabla ya kufa alikuwa amefungua studio yake mwenyewe mjini New York, iitwayo Electric Lady, ambayo ingali inarekodi muziki hadi leo. Mtu anayejenga studio ana mipango ya miaka mingi mbele. Jarida la Rolling Stone limemweka juu ya wapiga gitaa wote mwaka 2003 na tena mwaka 2023, na mimi kila ninapoona orodha hizo nafikiria yale ambayo angepiga akiwa na miaka 40, akiwa na miaka 60, mvi kichwani, ameketi kitini.

Mwaka huu, Septemba 18 ilipofika, nilimwita mjukuu wangu kabla hajatoka. Nikamketisha mahali ambapo mzee wangu aliniketisha mimi, nikaiweka sindano juu ya "Little Wing". Hakusema neno. Wimbo ulipokwisha aliniuliza yule mpiga gitaa wa pili ni nani. Nikamwambia hayupo. Akaomba irudiwe, ikarudiwa, ikarudiwa tena, mpaka mke wangu akachungulia mlangoni kuona kama mashine imeharibika. Kisha kijana akaleta gitaa lake na kujaribu kupitisha gumba juu ya shingo kama nilivyomwonyesha. Gumba halikufika. Alijaribu hadi saa tatu usiku, na kabla ya kwenda kulala akaniomba santuri aende nayo kwao. Nimemkatalia. Akitaka kuisikiliza, nyumba anaijua.