Profesa Aliyekubali Kufundishwa na Wafanyakazi

Serikali na mashirika yanazidi kuingiza kompyuta katika ofisi, viwanda na hospitali, na vyuo vikuu vinatoa wataalamu wa kuziendesha. Hilo ni jambo jema. Lakini liko swali ambalo mara nyingi halipewi nafasi: ni nani anayeulizwa kabla ya mtambo kuwekwa? Katika kulijibu, tunaona inafaa kuikumbuka kazi ya Profesa Kristen Nygaard wa Norway, aliyefariki dunia mwaka 2002.

Nygaard alizaliwa Oslo mwaka 1926. Katika miaka ya 1960, yeye na mwenzake Ole-Johan Dahl walibuni Simula, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Misingi ya lugha hiyo imo hadi leo katika lugha nyingi za kompyuta zinazotumika duniani, na kwa ajili yake wote wawili walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, ambayo ni heshima kuu ya taaluma hiyo.

Mtu mwingine angeridhika. Nygaard alitambua kwamba chombo alichokibuni kinaweza kutumiwa kupanga kazi za watu bila wenyewe kuulizwa neno. Hivyo basi, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza utafiti pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali wa nchi yake. Mwanzoni watafiti walifanya kama wasomi walivyozoea: walichunguza, wakaandika ripoti. Wafanyakazi walipoletewa ripoti, waliona haiwasaidii kitu kiwandani.

Hapa ndipo tunapouona ukubwa wa msomi huyu. Hakuwalaumu wafanyakazi kwa uchache wa elimu yao. Aliugeuza utafiti wenyewe, na tangu hapo matokeo yake yakahesabiwa kwa yale ambayo wafanyakazi walijifunza na kuyatenda katika viwanda vyao. Mwaka 1975 vyama vikuu vya wafanyakazi na waajiri vya Norway vilitia saini mkataba juu ya matumizi ya kompyuta kazini, na sheria ya mazingira ya kazi ya mwaka 1977 ikawapa wafanyakazi haki ya kuelezwa na kushirikishwa.

Mbegu hiyo imefika hata kwetu. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo waliofuata njia hiyo walishirikiana na wenzao wa Afrika Kusini kujenga mfumo wa taarifa za afya baada ya utawala wa ubaguzi kuanguka. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa programu ya DHIS2, ambayo Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011 na ambayo Tanzania nayo inaitumia.

Hata hivyo, programu njema peke yake haitoshi. Muuguzi wa zahanati hupima watoto, huchoma sindano, kisha huketi kujaza vitabu vya MTUHA. Tarakimu zake hupanda wilayani na mkoani. Je, zinamrudia zikiwa na faida yoyote? Akiona hazirudi, atajaza ili mradi kitabu kijae, na dawa zitapangwa kwa hesabu zisizo za kweli. Atakayeumia ni mgonjwa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo tunavishauri vyuo vikuu vyetu visimpime profesa wa mifumo ya taarifa kwa wingi wa maandishi yake tu. Apimwe pia kwa idadi ya zahanati, karakana na maghala aliyoketi ndani yake akisikiliza. Nazo wizara zinaponunua mfumo mpya, hazina budi kumwita muuguzi na karani mezani kabla ya mkataba kutiwa saini, wala si siku ya mafunzo. Nygaard, pamoja na sifa zake zote, hakuona aibu kufundishwa na fundi wa chuma. Wasomi wetu nao wasione aibu kufundishwa na muuguzi.