Bastola si Saa ya Mkononi

Pamezuka miongoni mwa wenzetu wenye nafasi kasumba mpya, nayo haikuishia Dar es Salaam wala Mwanza. Imefika mpaka Nkololo, wilayani Bariadi. Ni kasumba ya kuvaa bastola.

Nasema kuvaa, wala sisemi kumiliki. Wapo wananchi wanaomiliki silaha kwa kibali halali na kwa sababu inayoeleweka, wakaitunza na kukaa kimya. Hao siwazungumzii. Namzungumzia bwana mkubwa ambaye bastola kwake ni pambo, tena pambo moja halimtoshi.

Msimu wa pamba nilikuwa Nkololo. Nimekaa na walimu wawili kwenye kibanda cha nyama choma, akaja mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, akapandisha pindo la shati lake ili aketi vizuri, nasi sote tukaona kitako cha bastola kiunoni. Mwalimu mmoja alimwuliza kwa adabu, "Mzee, hiyo hutembea nayo kila siku?" Mzee akacheka. La, alisema, hubadilisha. Ile ndogo ni ya siku za joto, maana haitokezi chini ya shati. Kubwa ni ya mnadani, watu wapate kuiona. Ya tatu huivaa na suti anapokwenda Mwanza. Alieleza kwa kirefu, kama mtu aelezavyo juu ya viatu vyake. Vijana wadogo waliokuwa wakiuza karanga walisimama wakamsikiliza mpaka mwisho, na karanga zao wamezisahau.

Ukimwuliza mtu kama huyu sababu, atakujibu: ulinzi. Haya, tuichukue hoja hiyo kama anavyoitoa, wala tusiidharau, maana majambazi wapo na fedha za ng'ombe si siri. Mtu anayevamiwa usiku hana nafasi ya kufikiri. Mkono wake hauna budi kutenda kabla ya akili kuamka, na mkono haujui ila ule mchezo mmoja uliouzoea. Ndiyo maana askari hufundishwa silaha moja, akaifungua na kuifunga mara mia, hata aijue gizani.

Sasa tazama bastola zenyewe. Makarov ya Urusi ina kifungio cha usalama ubavuni: kikiwa juu imefungwa, kikishushwa iko tayari kupiga. Beretta 92 ya Italia ni kinyume chake kabisa: kikishushwa imefungwa, kikipandishwa iko tayari. Glock ya Austria haina kifungio cha ubavuni hata kidogo. Usalama wake umo ndani na katika triga yenyewe. Mtu anayevaa ya kwanza Jumatatu, ya pili Jumatano, na ya tatu Jumamosi, siku atakayoshtuka atafanya nini? Ama atasukuma kifungio upande usio wake, ibaki bubu mkononi huku jambazi anamtazama. Ama ataamini ameifunga, kumbe ameifungua, na risasi itampata mtoto wa jirani. Huko Marekani, ambako Mahakama Kuu iliamua Juni 2022 kwamba raia ana haki ya kutembea na bastola nje ya nyumba yake kwa kujilinda, na ambako biashara ya silaha haina haya, hata huko walimu wengi wa shabaha huwaonya wanafunzi wao wachague bastola moja na kuizoea. Bwana wetu amechukua majivuno ya Wamarekani, mafunzo yao akayaacha bandarini.

Tena kila badiliko ni kupakia na kupakua. Mtu huchomoa magazini akadhani kazi imekwisha, kumbe risasi moja imebaki ndani ya chemba. Na liko jambo jingine ambalo wenye bastola tatu hawapendi kuulizwa: aliyevaa moja ameacha mbili nyumbani. Zinalindwa na nani? Na mke, na mtumishi wa ndani, na watoto. Mwizi wa Bariadi hahitaji tena kwenda mpakani kutafuta silaha. Anahitaji tu kujua tajiri amekwenda mnadani saa ngapi.

Lakini tusiishie kwenye vyuma. Hatari kubwa imo katika hasira ya mwenye silaha. Siku ya Krismasi mwaka 1971, huko Isimani, Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alibishana na mkulima mmoja tajiri. Yule mkulima akaingia nyumbani kwake, akatoka na bunduki, akamwua. Hatua zile za kwenda ndani na kurudi hazikutosha kuituliza hasira yake. Je, ingekuwaje kama silaha ingekuwa kiunoni? Mei 2022, mjini Mwanza, mume alimwua mkewe kwa risasi, kisha naye akajitoa uhai. Katika visa hivyo viwili hapakuwa na jambazi. Palikuwa na maneno, na silaha karibu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba fasheni hii imekuja kuota Usukumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, ujambazi wa silaha na wizi wa ng'ombe ulienea katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Tabora. Bariadi wakati huo ilikuwa ndani ya Shinyanga. Wakulima hawakukimbilia kutafuta bastola. Walikamata pinde na mishale, wakafunga filimbi shingoni, na mwano ulipopigwa kijiji kizima kilitoka, tajiri na maskini, kikafuata nyayo za ng'ombe mpaka wapatikane. Ndio Sungusungu, waliojiita Basalama, watu wa amani, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Sisemi walikuwa malaika. Walitesa watuhumiwa, na wapo wazee waliohukumiwa uchawi bila mahakama. Aibu hiyo hatuwezi kuifuta. Hata hivyo ulinzi wao ulikuwa wa wote, mchana kweupe, na kila mtu aliujua upinde ni wa nani. Bwana wa bastola tatu ameamua kujilinda peke yake. Mwano ukipigwa usiku yeye hufunga geti.

Sasa nawageukia ninyi, watumishi wa umma na walimu, maana bastola hizi hazikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1991 tulitunga sheria ya silaha, na mwaka 2015 tukatunga nyingine kali zaidi ya kudhibiti silaha na risasi. Mwaka 2016 wenye silaha nchini kote waliamriwa wazipeleke zikahakikiwe. Sheria tunazo. Lakini safari ya kibali huanzia chini kabisa: kwa barua ya kijiji, kwa kamati, kwa mtendaji, kwa mtu anayeulizwa, "Je, unamfahamu mwombaji huyu kuwa mwenye tabia njema?" Polisi na Msajili wa Silaha, walioko mbali, husoma mlichoandika ninyi. Mkimwandikia mtu barua ya silaha ya pili bila kumwuliza ya kwanza ina kasoro gani, na ya tatu bila kumwuliza za kwanza ziko wapi, basi ninyi ndio mliomvisha.

Na ninyi walimu, mnapomwalika tajiri kuwa mgeni rasmi wa mahafali, mwambieni mapema kwamba shuleni haingii na silaha. Akikasirika, mwacheni abaki na kasiki yake. Mtoto wa darasa la saba anayeona kiuno cha mgeni rasmi hupata somo ambalo hamtaweza kulifuta ubaoni.

Mtendaji mmoja wa kijiji, ambaye sitamtaja wala sitataja kijiji chake, alinionyesha barua ya maombi ya namna hiyo. Silaha ya tatu. Aliishika kwa ncha za vidole. "Ndugu mwandishi," akasema, "nitamkataliaje mtu aliyetuchangia mabati ya darasa?" Nilimwambia amwite mwombaji mbele ya mkutano wa kijiji, amshukuru kwa mabati kwa sauti kubwa, watu wapige makofi, kisha, mkutano ukiwa bado umeketi, amwulize bastola mbili alizo nazo zimemshindia nini.

Alinyamaza kitambo. Halafu akafungua daftari lake, akatafuta tarehe ya mkutano ujao, akaiandika barua ile katika ajenda, chini ya suala la kisima.